Claude Bernard: Jamaa aliyeosha ini hadi likatoa siri yake

KAMA umekulia Garissa, ini unalijua vizuri. Asubuhi kwenye hoteli za karibu na Suuq Mugdi linakatwa vipande vidogo, linakaangwa na vitunguu na hoho, linaletwa na anjera za moto na chai ya maziwa. Wasomali huliita beer, na likifika mezani halikai. Lakini hebu jiulize: lile ini lilikuwa likifanya kazi gani ndani ya mbuzi kabla ya kufika kwenye sahani yako?

Wakati mmoja jibu la waganga wengi lilikuwa hili: ini linatengeneza nyongo, basi. Aliyegeuza hilo jibu ni Mfaransa mmoja, mtoto wa mkulima, aliyefeli mambo mengi kabla ya kufaulu hata moja. Anaitwa Claude Bernard. Ukifunga Ramadhani katika joto la Garissa na bado unasimama wima saa kumi jioni, sababu yake ni yeye aliyeigundua.

Bernard alizaliwa Julai 12, 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, karibu na jiji la Lyon, Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima wa mizabibu na pesa zilikuwa za kuhesabu. Kijana alisoma shule za kanisa, lakini hakuwa yule mwanafunzi ambaye walimu humtolea mfano. Akiwa na miaka 19 alipelekwa kufanya kazi kwenye duka la dawa pembeni mwa Lyon. Kazi yenyewe? Kufagia, kuosha chupa na kupeleka dawa kwa wateja, pamoja na chuo cha madaktari wa mifugo kilichokuwa jirani.

Hapo dukani aliona jambo ambalo halikumtoka akilini. Kulikuwa na dawa maarufu iliyoitwa teriaki, ambayo watu waliamini inatibu karibu kila kitu. Dawa nyingine ikiharibika, au kukibaki masazo, yalitupwa kwenye chungu cha teriaki. Yaani hakuna mtu aliyejua kila chungu kina nini hasa, lakini wagonjwa waliendelea kununua na kusifu. Wewe mwenyewe unajua leo kuna wauzaji wa chupa za aina hiyo, wanaopita na spika sokoni wakitangaza dawa moja ya kisukari, presha, mgongo na nguvu za kiume. Bernard alianza kujiuliza swali ambalo lingemfuata maisha yote: tunajuaje kwamba hiki kitu kinafanya kazi?

Lakini usidhani alikuwa tayari anaota maabara. Ndoto yake ilikuwa jukwaa. Aliandika mchezo mfupi wa kuchekesha ukaigizwa Lyon na watu wakaupenda kiasi. Akapata kichwa, akaandika mchezo mwingine mrefu wa kihistoria wenye sehemu tano, na mwaka 1834 akaubeba hadi Paris kuutafutia bahati. Alimpelekea mhakiki maarufu, Saint-Marc Girardin. Mzee akausoma, akamshauri kwa upole atafute kwanza kazi ya kumlisha, na uandishi aufanye kwa wakati wake. Kwa kuwa alikuwa amefanya kazi duka la dawa, alimwelekeza kwenye udaktari.

Huko nako hakung'ara. Kwenye mtihani wa kuingia hospitalini kama daktari mwanafunzi, mwaka 1839, walifaulu 29 na yeye akawa wa 26. Mwaka 1844 alifanya mtihani wa kuwa mwalimu katika kitivo cha udaktari, akafeli. Mtu mwingine angerudi kijijini kufungua zahanati, na kweli alilifikiria sana hilo. Kilichomshikilia Paris ni mikono yake. Profesa François Magendie wa chuo cha Collège de France alikuwa ameshaona jinsi kijana huyu anavyopasua kwa ustadi, akamchukua kuwa msaidizi wake tangu 1841.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kibovu chenye unyevunyevu na mwanga hafifu. Mshahara ulikuwa mdogo. Mwaka 1845 rafiki zake wakampatia suluhisho: mke. Huko Ufaransa wakati ule ni upande wa bibi harusi uliokuja na mali, si kama kwetu ambako bwana harusi ndiye anayehesabu ngamia. Alimwoa Fanny Martin, binti wa daktari, na mali aliyokuja nayo ndiyo iliyolipia miaka ya utafiti ya mumewe. Kumbuka jina hilo. Tutalirudia.

Mwaka uliofuata sungura wakampa somo la kwanza kubwa. Waliletwa maabara kutoka sokoni, na Bernard akaona mkojo wao ni mweupe na una asidi. Ajabu, kwa sababu mkojo wa sungura anayekula majani huwa na ukungu na hauna asidi. Mkojo mweupe wenye asidi ni wa wanyama wanaokula nyama. Wengi wangepita tu. Yeye akakisia kwamba sungura hao hawakuwa wamelishwa siku nyingi, kwa hiyo miili yao ilikuwa ikila nyama yake yenyewe. Akawapa majani, mkojo ukawa na ukungu. Akawanyima chakula, ukawa mweupe tena. Akarudia mara kwa mara hadi hakuna shaka iliyobaki. Mnyama mwenye njaa huishi kwa kula akiba ya mwili wake.

Sasa tufike kwenye ini.

Wakati huo wasomi wakubwa wa Ulaya waliamini kwamba ni mimea pekee inayotengeneza sukari. Wanyama na watu, walisema, hula sukari ya mimea na kuiunguza tu. Bernard alikubaliana nao. Alichotaka mwaka 1848 ni kujua sukari huunguziwa wapi mwilini. Akamlisha mbwa chakula chenye sukari, akaifuatilia kwenye damu, akaikuta imejaa katika mshipa unaotoka kwenye ini kuelekea moyoni. Hadi hapo hakuna ajabu.

Kisha akafanya kitu ambacho wengi wangeona ni kupoteza muda. Akachukua mbwa mwingine, akamlisha nyama tupu bila sukari yoyote, akapima tena. Kwenye damu inayotoka utumboni kwenda kwenye ini hakukuta sukari. Kwenye damu inayotoka kwenye ini, ilikuwepo tele. Bernard hakuamini macho yake. Akapima tena na tena. Kipimo alichotumia kinafanana na kile ulichofanya kwenye somo la Biolojia sekondari: myeyusho wa bluu wa madini ya shaba, unaupasha moto pamoja na sampuli, na ukigeuka kuwa na rangi ya tofali basi sukari ipo. Wewe ulitumia myeyusho wa Benedict, yeye alitumia wa rafiki yake mkemia aliyeitwa Barreswil.

Maana yake ilikuwa nzito: ini lenyewe linatengeneza sukari. Mnyama si jiko la kuunguza tu, naye ni kiwanda.

Wapinzani hawakukosa. Mmoja, Louis Figuier, alishikilia kwamba sukari ile ilitoka kwenye chakula, na ini lilikuwa ghala tu linaloipokea na kuiachilia. Hoja haikuwa ya kijinga. Kama ini bado limeunganishwa na mwili, utajuaje kilichotengenezwa ndani yake na kilicholetwa na damu kutoka kwingine?

Jibu lilikuja mwaka 1855, na lilianza na mtu kukosa muda. Bernard alikuwa na mazoea ya kupima sukari ya ini mara mbili mfululizo. Siku moja alibanwa na kazi, akapima mara moja, kipimo cha pili akakiacha hadi kesho yake. Kesho yake akakuta sukari ni nyingi zaidi kuliko jana. Ini limetolewa mwilini, mnyama amekufa, hakuna chakula kinachoingia, lakini sukari inaongezeka. Angeweza kusema kipimo kilikuwa kibovu. Badala yake akajiuliza itakuwaje akiondoa sukari yote kwanza.

Basi akachukua ini la mbwa aliyekuwa amelishwa nyama tu kwa siku kadhaa, akalitoa mara tu baada ya mnyama kufa. Kwenye mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka utumboni akafunga bomba, akafungua maji ya baridi yapite ndani ya ini lote na kutokea upande wa pili. Mwanzoni yalitoka mekundu na yenye sukari. Yakaendelea kupita kwa dakika 40 hadi yakawa meupe kabisa na ini likapauka. Akapima maji: hakuna sukari. Akakata kipande cha ini, akakichemsha, akapima: hakuna sukari. Akaliacha ini kwenye chombo kwa saa 24 bila kulipa chochote. Alipolipima tena, sukari ilikuwa imejaa.

Hapo hoja ya ghala ikabaki bila miguu. Ndani ya ini kulikuwa na kitu kisichoyeyuka na kuondoka na maji, kinachogeuka polepole kuwa sukari. Mwaka 1857 akafaulu kukitenga kitu hicho. Leo tunakiita glaikojeni, na kimo kwenye kitabu chako cha shule.

Sasa rudi kwenye mfungo wako. Katika damu yote ya mtu mzima kuna sukari ya gramu tano hivi, kama kijiko kimoja cha chai. Ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 kwa siku. Piga hesabu: bila akiba ungeanguka kabla ya adhuhuri. Baada ya kula daku, ini huweka akiba ya glaikojeni, karibu gramu 100 kwa mtu mzima, kisha huitoa kidogokidogo mchana kutwa. Akiba ikipungua, ini huanza kutengeneza sukari mpya kutoka kwenye vitu vingine vya mwili, ikiwemo protini ya misuli. Ni wale sungura wa 1846. Ndio maana pia mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge anapaswa kuongea na daktari kabla ya Ramadhani, maana dawa zinaweza kushusha sukari haraka kuliko ini linavyoweza kuipandisha.

Haya yote yalikuwa na gharama, na si haki kumsifu Bernard bila kuitaja. Wanyama wengi aliowapasua walikuwa hai. Dawa za usingizi, etha na klorofomu, zilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1846 na 1847, wakati yeye alikuwa tayari ameshafanya kazi hiyo kwa miaka. Yeye mwenyewe alisimulia kisa cha mbwa aliyetoroka maabara akiwa na mrija tumboni. Mbwa akarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mkuu wa polisi wa mtaa! Bernard aliitwa kujieleza. Kwa bahati mkuu huyo alielewa, akageuka kuwa mlinzi wake.

Nyumbani hakukuwa na bahati hiyo. Fanny, ambaye mali yake ndiyo iliyolipia utafiti, aliuchukia utafiti wenyewe. Watoto wao wa kiume walikufa wakiwa wachanga. Mabinti wawili waliobaki walisimama na mama yao, na wote watatu wakawa upande wa watetezi wa wanyama. Mwaka 1870 hivi ndoa ikatenganishwa kisheria. Mtu aliyejua kuuliza ini swali hadi likajibu alimaliza miaka yake akiwa hana mazungumzo na watoto wake.

Nani alikuwa sahihi? Ukimuuliza mgonjwa wa kisukari atakujibu hivi, ukimuuliza Fanny angekujibu vile. Dunia iliishia kuchukua kitu kutoka pande zote mbili. Utafiti wa wanyama haukusimama, lakini ulifungwa kamba za sheria. Hapa Kenya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama inamtaka mtafiti awe na leseni kabla ya jaribio, na vyuo vina kamati za maadili zinazouliza kama jaribio lina ulazima na maumivu yatapunguzwaje. Kilio cha watu kama Fanny kimo ndani ya maswali hayo.

Na ini lililotolewa mwilini likawa njia ya kujifunza yenyewe. Mwanafunzi mmoja wa Bernard, Mwingereza Frederick Pavy, alimpinga mwalimu wake akisema sukari nyingi iliyoonekana ni ya ini linalokufa, si la mzima. Kuhusu kazi ya ini Pavy alikosea, lakini alikuwa na hoja: ini lililokatiwa damu huanza kuharibika papo hapo. Maji ya bomba yanaosha, hayalishi. Kwa hiyo watafiti waliofuata wakaacha maji ya baridi, wakatumia damu au majimaji yenye chumvi, sukari na oksijeni, yaliyopashwa joto la mwili. Ini la panya likiendeshwa hivyo huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa kana kwamba liko tumboni.

Hapo unaweza kuuliza maswali ambayo kwa mtu mzima huwezi kuuliza. Unatia dawa kwenye majimaji yanayoingia, kisha unapima yanayotoka. Seli za ini zikiumia, kuta zake huvuja na vimeng'enya vilivyokuwa ndani hutoka nje. Kadiri vinavyozidi ndivyo madhara yanavyozidi. Daktari akikuambia twende tupime ini, mojawapo ya vitu anavyotafuta kwenye damu yako ni vimeng'enya hivyo hivyo. Paracetamol ni mfano: ukifuata kipimo ni salama kwa watu wengi, ukizidisha sana inaua seli za ini, na dalili za hatari zinaweza kuchelewa siku moja au mbili. Watafiti waligundua pia kwamba ini lililokosa oksijeni huumia mara ya pili damu inaporudishwa ghafla. Ujuzi huo umesaidia upandikizaji. Mwaka 2013, katika King's College Hospital mjini London, mgonjwa alipandikizwa ini lililotunzwa kwenye mashine likiwa na joto la mwili na damu ikipita ndani yake.

Bernard hakuishi kuona hayo. Baada ya 1860 afya yake ilianza kuyumba. Alirudi kijijini kwao kupumzika, na huko akaandika kitabu chake maarufu kuhusu udaktari wa majaribio, kilichotoka mwaka 1865. Humo anasisitiza kwamba wazo lako, hata ukilipenda vipi, lazima ulitupe likikataliwa na jaribio. Aliingizwa kwenye seneti na kwenye baraza kuu la wasomi wa Ufaransa. Alifariki Paris Februari 10, 1878 akiwa na miaka 64, na serikali ikamzika kwa heshima za kitaifa, jambo ambalo kabla yake halikuwa limefanyiwa mwanasayansi yeyote nchini humo.

Kwetu Kaskazini Mashariki, ini lina habari nyingine ya kukuambia. Mwaka 1931 watafiti wa Kabete walieleza kwa mara ya kwanza homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa uliokuwa ukiua wanakondoo karibu na Naivasha. Walipowapasua waliokufa, madhara makubwa yalikuwa kwenye ini, lenye madoa ya seli zilizokufa. Ugonjwa huo huo ulirudi Garissa baada ya mafuriko ya mwisho wa 2006. Kufikia Machi 2007 watu 155 walikuwa wamefariki nchini Kenya, na biashara ya mifugo ikaanguka. Virusi vyake huenezwa na mbu, na pia kwa kushika damu, nyama au mimba ya mnyama mgonjwa.

Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha, mafuriko yakitanda, na ghafla kondoo na mbuzi wa nyumbani wanatoa mimba kwa wingi au wanakondoo wanakufa mmoja baada ya mwingine, usikubali kuambiwa ni kijicho cha watu au ni njaa tu. Usichinje ili kuokoa nyama, na usiguse mizoga kwa mikono mitupu. Mpigie afisa wa mifugo, achukue sampuli zipelekwe maabara. Maziwa yachemsheni. Na ikiwa mzee wa nyumbani anasema anajua ugonjwa huo kwa kuuangalia tu, mwambie kwa adabu kwamba huenda yuko sahihi, lakini tusubiri kwanza majibu ya maabara.